Daftari la Bi Somoe

Gunia lilikuwa na sarafu 400 za dhahabu. Kwenye mchezo wetu wa kuigiza hadithi mezani dhahabu ni korosho ghafi, zile ambazo hazijabanguliwa, na rafiki yangu fundi simu alizimwaga zote mbele yangu kwa mikono miwili mpaka nyingine zikadondoka sakafuni. Shujaa wake, Mbaraka, alikuwa ametoka msituni siku hiyo hiyo. Ameua joka, amebeba hazina ya joka, na sasa amesimama dukani kwa Bi Somoe anataka kamba ya mikono ishirini, mafuta ya taa, chumvi pishi mbili na ng'onda, samaki wa kukaushwa, wa kumtosha safari ya siku tisa.

“Toa hesabu yako humo,” akasema. “Inayobaki kaa nayo.”

Bi Somoe ni mimi. Nikaokota korosho moja, nikaigeuza geuza, nikairudisha kwenye lundo.

“Mwanangu,” nikamwambia, “hii sina chenji yake. Ukomo nzima haina.”

Tuko watano. Tunakutana Jumamosi usiku kwenye baraza la nyumba moja Chikongola, hapa Mtwara mjini, na mwezi wa Ramadhani tunasubiri kwanza watu watoke tarawehe. Mchezo wenyewe ni wa ukoo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja ni msimulizi, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu ya pande ishirini. Wenzangu wanne kila mmoja ni mtu mmoja. Msimulizi ni dunia yote iliyobaki: mvua, mbwa, zimwi, mfalme, na mwenye duka. Nimekuwa msimulizi kwa miaka mitatu sasa, nimeshakuwa vitu vingi, lakini hakuna niliyempenda kama yule mama wa dukani.

Kijiji chake kinaitwa Ukomo kwa sababu njia inaishia hapo. Ukirudi nyuma ni mwendo wa siku sita hadi bandarini. Mbele ni mto, na ng'ambo ya mto ni msitu ambao hakuna anayeujua vizuri. Nyumba ni arobaini, kisima ni kimoja na Septemba kinakauka, na penye njia panda ndipo lilipo duka: kuta za miti na udongo, paa la makuti, dirisha moja la kuuzia. Michezo ya namna hii karibu yote ina kijiji kama hicho, na kijiji kina duka. Asiyekuwepo ni mtu wa dukani. Ipo orodha ya bei tu. Unaleta panga kumi ulizowanyang'anya maadui, unalipwa papo hapo. Kesho unaleta kumi nyingine, unalipwa tena bei ile ile, kana kwamba nyuma ya duka kuna mgodi. Kitabu cha kanuni tunachotumia kinasema silaha iliyokwisha kutumika huuzwa nusu ya bei. Sawa, lakini anainunua nani? Nani pale Ukomo atataka panga kumi za vita wakati watu wanalilia majembe?

Swali hilo halikuniachia, kwa sababu mimi nimekulia dukani.

Duka lilikuwa la mjomba, kaka yake mama, kwenye kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Kwa wasiotoka kusini niseme kidogo: kwetu ukoo hufuata mama, kwa hiyo mjomba si ndugu wa kumtembelea sikukuu na kuondoka na hela ya soda. Mjomba ndiye mkubwa wako. Nilipofika darasa la tano mama alinipeleka kwake nikae, nisome, nisaidie dukani, na hakuna aliyeona ajabu.

Kule juu maji yako mbali, chini mabondeni, na miaka ile ndoo ya maji ilinunuliwa na kutunzwa kama unga. Dukani tulikuwa na vitu ambavyo kila duka la kijijini linavyo: chumvi, sukari, sabuni ya mche tunayoikata vipande kwa waya, betri, viberiti, panadoli, doti za khanga chache zilizotundikwa juu ili zisishikwe na vumbi. Mafuta ya taa yalikaa kwenye dumu la lita ishirini. Mjomba alipimia kwa kikopo alichokitengeneza mwenyewe kutokana na kopo la maziwa, mpini wa waya, na faneli ya bati iliyokuwa imebonyea upande mmoja. Alimimina polepole, akasubiri yatulie, halafu akaongeza tone. Tone lile aliliita nyongeza na hakumnyima mtu, hata mtoto aliyetumwa. Alikuwa anasema mtoto akifika nyumbani chupa ndiyo itakayosema.

Chini ya mizani kulikuwa na kaunta buku, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mjomba aliandika kila kitu. Baba wa mapacha: sukari robo, betri mbili. Bibi wa mnazini: chumvi, kiberiti. Mwalimu mgeni: sabuni vipande vitatu, mchele kilo mbili. Madeni hayo yalianza kuandikwa Januari au Februari hela ya korosho ikishaisha, yakapanda mpaka Oktoba korosho mpya zikianza kudondoka. Mimi ndiye niliyekuwa najumlisha. Sikuwahi kumwona mjomba akilifungua lile daftari mbele ya mdaiwa. Yeye aliuliza habari za shamba tu. “Salfa umeshapuliza?” Akijibiwa bado, alijua, maana ubwiri unga ukikamata maua ya mkorosho hapo hakuna korosho, na deni hilo litalala mwaka mwingine. Hakusema neno. Alipima alichoombwa, akaandika.

Jambo moja nalikumbuka kuliko yote. Mtu akifa, pale makaburini, kabla watu hawajatawanyika, husimama msemaji wa familia akatangaza: kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, aje aione familia, na kama kuna aliyekuwa anadaiwa na marehemu, naye ajitokeze. Muda wote wa tangazo hilo mjomba alikuwa anatazama chini. Mimi nimesimama pembeni yake na najua mpaka shilingi ya mwisho ni kiasi gani. Tukirudi nyumbani alifungua ukurasa wa yule mtu, akapiga mstari mmoja kwa peni nyekundu, akafunga. Niliwahi kumwuliza mara moja tu kwa nini hakusema. Akanijibu, “Wanawe watakuja wenyewe.” Wengi walikuja. Ambao hawakuja aliendelea kuwauzia.

Kwa hiyo nilipoanza kumtengeneza Bi Somoe, kitu cha kwanza nilichompa ni daftari. Daftari la kweli, la karatasi. Mjomba alishafunga duka, macho hayamruhusu tena, na buku lake la mwisho lilikuwa na kurasa nyingi tupu nyuma. Nilimwomba akanipa. Mbele kuna madeni ya watu wa kijijini kwetu, nyuma kuna madeni ya Ukomo.

Cha pili kilikuwa hesabu ya njia, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo duka lilipoanza kuwa duka. Mizigo ya Ukomo inakuja kichwani mwa wapagazi. Nikachukua vipimo vya zamani vya pwani: vibaba vinne ni pishi moja, pishi sita hivi ni frasila, na mzigo wa mpagazi tuuhesabu frasila mbili, yaani pishi kumi na mbili. Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Kutoka bandarini mpaka Ukomo siku sita, kurudi siku sita, jumla vibaba kumi na viwili, ambavyo ni pishi tatu. Maana yake ukimtwisha mtu mtama aupeleke Ukomo, robo ya mzigo inaliwa na aliyeubeba. Ukiongeza siku sita nyingine mbele, nusu imekwenda. Ndiyo sababu misafara ya zamani haikuhangaika kubeba chakula cha kuuza mbali. Ilibeba nguo, shanga, chumvi, majembe, na ikarudi na pembe, nta, sandarusi, vitu ambavyo thamani yake ni kubwa na tumbo la mpagazi haliwezi kuvimaliza.

Hesabu hiyo moja ilinipangia rafu zote. Chakula Bi Somoe ananunua hapo hapo kwa majirani: mtama, makopa, na mwaka wa njaa ming'oko iliyochimbwa porini. Chumvi inatoka pwani, na bei yake Ukomo ni mara tatu ya bandarini, na siyo kwa sababu mama yule ana roho mbaya. Nguo zipo jora mbili, merikani na kaniki. Kamba zipo. Panga la vita liko moja, aliliacha mtu rehani, hajarudi. Wachezaji walipoona orodha ile walinung'unika kwamba hakuna dawa za kichawi. Baadaye, walipokuwa siku ya nne ndani ya msitu na nyama imeanza kunuka, waliongelea chumvi kwa heshima ambayo hawajawahi kuipa upanga wowote.

Hata joka lilipita kwenye hesabu hiyo. Walipoliua walitaka kuleta mifupa yote dukani. Nikawaambia habari ya Tendaguru, huku huku kwetu mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya dinosauri, na mmoja wa wale wakubwa sasa amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Majina ya wataalamu wa Kijerumani yanajulikana. Lakini msimamizi wa kazi kule shimoni alikuwa Boheti bin Amrani, na mifupa ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa, tani kwa tani. Kila mmoja wa watu wale alikula kibaba chake. Nani aliwauzia? Wenzangu wakakaa wakapiga hesabu ya joka lao, wakaona hawana wapagazi wala posho. Wakachukua meno tu.

Turudi kwenye zile korosho 400.

Dhahabu moja kwenye mchezo wetu ni fedha kumi, na fedha moja ni shaba kumi. Fedha kwetu ni mbegu za ubuyu, shaba ni kunde. Kamba, mafuta, chumvi na ng'onda vya Mbaraka vilifika kama shaba 90, hata dhahabu moja haijatimia. Bi Somoe kwenye kibweta chake alikuwa na kunde saba tu, na mbegu za ubuyu zimekwisha. Kijiji kizima hakina dhahabu, kwa hiyo hata akiipokea hana wa kumpa. Ataificha chini ya kitanda, halafu wezi wasikie.

Ukitembelea Kilwa Kisiwani utaambiwa habari ya dhahabu ya Sofala, bandari ya zamani kwenye Msumbiji ya leo, na ni kweli, ndiyo iliyoutajirisha mji ule. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliufikia mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake. Lakini masultani wa Kilwa walipotengeneza sarafu zao wenyewe, nyingi mno zilikuwa za shaba. Vipande vidogo, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zinapatana vina kama mishororo ya shairi. Nimeziona picha zake mara nyingi na kila mara nafikiria mkono uliokuwa ukizihesabu sokoni. Dhahabu ilipanda vyombo ikaenda ng'ambo. Mtu aliyetaka samaki wa jioni alihitaji kitu kidogo cha kuweka kiganjani mwa mvuvi.

“Sasa nifanyeje?” fundi simu akaniuliza. Alikuwa ameshangaa kweli. Mtu tajiri kuliko wote aliowahi kuwachezea, na hawezi kununua chumvi.

“Nitakuandika,” nikasema.

Nikafungua daftari, nikaandika jina la Mbaraka chini ya jina la mama muuza vyungu. Tukapatana atalipa kwa nta ya nyuki, nusu frasila, kwa kuwa ng'ambo ya mto kuna mizinga na watu wa kijijini wanaogopa kuvuka. Akaondoka na vitu vyake na deni, gunia la dhahabu begani. Toka siku hiyo mchezo wetu ulibadilika. Zamani walikuwa wakimaliza kazi sehemu moja wanahamia nyingine, kijiji wamekisahau. Sasa walikuwa na sababu ya kurudi Ukomo. Walirudi na nta. Wakaulizwa habari za njia. Wakaambiwa mtoto wa muuza vyungu anaumwa, na muuguzi, yule mwenzetu anayecheza tabibu, akaenda kumtazama bila kuambiwa kwamba kuna malipo.

Walijifunza kusalimia pia. Mara ya kwanza kabisa kuingia dukani mmoja wao alianza moja kwa moja, “Nionyeshe silaha.” Bi Somoe akaendelea kukunja nguo. Akarudia. Bi Somoe akakunja nyingine. Ilibidi mwenzake amguse bega, ndipo ikatoka “Shikamoo, Bi Somoe,” na mimi nikaitikia marahaba, nikauliza habari za walikotoka, za mvua, za wazazi, na hapo duka likafunguka.

Mikindani si mbali na hapa, kilomita kumi hivi, na mwaka 1866 David Livingstone aliondokea pale kwenye safari yake ya mwisho, akafuata upande wa mto Ruvuma, ana ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wale chotara wa farasi na punda, na punda wenyewe. Kundi la wasafiri, wanyama wa ajabu, mto mbele yao: ni mwanzo wa mchezo wetu kabisa. Vibao na vitabu vinamkumbuka msafiri. Mimi nikipita Mikindani nawafikiria waliobaki pale alipoondoka, waliompimia mchele, waliojua bei ya punda.

Lakini ukifika Mikindani kuna jengo jingine utakaloonyeshwa, wanaliita soko la zamani la watumwa. Siwezi kuandika habari za duka la mpakani kwa kusini hii nikaliruka.

Usiku mmoja wachezaji waliteka vibwengo wanne msituni. Wakawafunga kamba ile ile ya mikono ishirini, wakavuka nao mto, wakawaleta mpaka dirishani kwa Bi Somoe. Mwalimu wa hesabu, anayecheza mpelelezi, akauliza kama mtu anauliza bei ya vitunguu: “Hawa utatupa ngapi?”

Nilinyamaza muda mrefu. Wakadhani natafuta bei kitabuni. Nilikuwa nafikiria jora za merikani nilizoziweka mwenyewe kwenye rafu kwa furaha ya kujua jina lake. Merikani na shanga zilinunua pembe, na zilinunua watu. Karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara hiyo, misafara ikishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kupita nchi hii yetu, mpaka Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mwaka 1873 mkataba wa kuzuia kusafirishwa watu baharini, na hata baada ya hapo iliendelea kwa siri kwa miaka. Mwenye duka wa njia panda alikuwepo. Alipima. Alipokea. Nikimtengeneza Bi Somoe mwema bila yeye kuwa na la kusema juu ya hilo, nitakuwa nimedanganya.

Basi akasema. Alitoka nje ya duka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaja mpaka kwenye kamba. Akawaambia kwamba bibi yake mzaa mama alipita njia hii hii akiwa mtoto, na aliyemtoa kwenye mnyororo alimtoa kwa jembe moja, na jembe hilo liko ndani, halina mpini, halijawahi kulima. “Hiki,” akasema, “sinunui, na anayekiuza hanunui kwangu tena, hata chumvi.” Mwalimu aliinama akafungua fundo. Kwenye mchezo, ndiyo, lakini vidole vyake vilikuwa vinafungua kitu juu ya meza.

Ilipofika miezi ya kiangazi ya Ukomo likaja jambo lililonigusa kwa karibu zaidi. Mwalimu yule yule, ambaye kichwa chake hakipumziki, aliomba kuliona daftari. Sikumkatalia, mpelelezi wake alikuwa amelichungulia usiku na dadu ikamkubali. Akajumlisha. Kijiji kinadaiwa fedha 212, yaani dhahabu 21 na kidogo. Asubuhi akaja na pendekezo: analinunua daftari zima kwa dhahabu 30.

Kwa hesabu tupu, Bi Somoe alikuwa anapata faida bila jasho.

“Ukishalinunua?” nikamwuliza.

“Wanilipe mimi. Kwa mazao. Saa hizi wana njaa, nitapatana nao bei ya sasa.”

Wasomaji wa Mtwara na Lindi mmeshaijua hiyo. Ni kangomba. Mnunuzi anakuja nyumba ikiwa haina kitu na mkorosho bado una maua, anaacha hela kidogo, msimu ukifika korosho ni zake. Mwaka niliokuwa kidato cha pili, kabla stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kuuza korosho kwa mnada kupitia maghala, haijaanza huku mwaka 2007, mama aliuza hivyo magunia mawili ili nipate ada na nauli. Yule mnunuzi alikuja Oktoba na kopo lake la kupimia, siyo mizani, na kila kopo lilikuwa na kilima juu. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama kile kilima. Bei ya korosho mwezi ule ilikuwa mara tatu ya aliyopewa.

Mjomba alipopata habari hakumtukana mnunuzi. Alimwuliza mama, “Daftari lipo. Kwa nini hukuja?” Mama akasema ukurasa wake ulikuwa umejaa, aliona aibu. Sikumwona mjomba akihuzunika vile tena, ila labda msimu wa 2018, wanunuzi na serikali waliposhindwana bei, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Hela ilichelewa kuwafikia wengi. Mwaka ule buku lake lilijaa mpaka pembezoni mwa kurasa, akaanza jipya, na mwaka uliofuata alifunga duka.

Niliwasimulia wenzangu yote hayo, nje ya mchezo, saa sita za usiku, huku baraza limeshapoa. Kisha nikarudi kuwa Bi Somoe.

“Na wasipokulipa?” akauliza.

Mwalimu akatazama upanga wa Mbaraka. Hakujibu. Akakusanya korosho zake thelathini moja moja, na wiki iliyofuata mpelelezi wake aliniuliza ni bei gani ya mbegu za mtama za kukopesha.

Mbaraka alikufa mwezi uliopita. Alikuwa anavuka mto, maji yamejaa, amembeba mtoto wa muuza vyungu mgongoni kumpeleka kwa mganga. Dadu ilitoa moja. Mtoto alifika ukingoni. Fundi simu aliisogeza karatasi ya mhusika wake katikati ya meza, akakaa kimya, mikono mapajani.

Nilikuwa nimepanga niseme wamemzika, kisha turuke mpaka asubuhi. Lakini muuguzi akasimama. Alisimama kweli, pale barazani, akavuta mtandio wake mbele, akasema kwa sauti ile ile tunayoijua wote: “Kama kuna mtu alikuwa anamdai marehemu, aje atuone sisi. Na kama kuna aliyekuwa anadaiwa na marehemu, naye ajitokeze.”

Nikatazama chini. Sikupanga kufanya hivyo.

Ni fundi simu aliyejibu, ambaye hakuwa na mhusika tena na kwa kanuni hakuwa na ruhusa ya kusema. “Kamba mikono ishirini,” akasema. “Mafuta ya taa. Chumvi pishi mbili. Ng'onda. Nta nilileta robo frasila, imebaki robo.”

Mwalimu akasukuma mbele yangu mbegu za ubuyu. Mwenzetu wa nne, anayecheza mwindaji, ambaye huwa haongei, akaongeza kunde akihesabu kwa midomo. Nikafungua kurasa za nyuma nikatafuta jina. Peni nyekundu wino ulikuwa umegoma. Nikaipulizia, nikaisugua kiganjani mpaka ikaandika, nikapiga mstari.